Nafsi ya Kwanza

Mkalimani hasemi "amesema."
Ndivyo nilivyofundishwa: ukimsemea mtu, sema "ni."
Basi leo, Sondu, katika ukumbi wa mabati,
kabla ya chai nilikuwa mzee wa miaka sabini:
nilimtambua mwanangu kwa mkanda wa suruali,
nilimnunulia mimi, tundu la mwisho nililitoboa kwa msumari.
Baada ya chai nikawa kijana wa upande wa pili:
nitarudi, na safari hii sitasahau kiberiti.
Kinywa kilekile. Ulimi uleule,
bado una sukari ya ile chai.

Wanasema kinywa ni jumba la maneno.
Changu ni gesti ya stendi:
wageni huingia na matope yao, hulala,
alfajiri huondoka,
kitanda nabaki nacho mimi.

Zamani tulitawanyika hapohapo barabarani,
kila mtu na kifurushi chake.
Siku moja nilifika nyumbani, nikavunja sahani,
nikamgombeza mtoto.
Mwezi ule Khasoa aliacha kula nyama, hakutueleza kwa nini,
na mwezi uliofuata akaacha kazi.

Sasa haendi mtu kwake kabla ya Ahero.
Chumba kiko juu ya duka la mbolea,
viti vitano, harufu inayoingia mpaka kwenye nywele,
simu zote ndani ya sufuria yenye kifuniko.
Bosibori haanzi kwa hotuba.
Huuliza tu: "Umebeba nini ambacho si chako?"

Leo alianza Ogola, dereva,
ambaye katika ripoti ya wafadhili hana hata mstari.
Alisema: mlipokuwa ndani mkipeana mikono
niliona vijana nyuma ya choo wakichagua mawe.
Hawakuokota. Walichagua,
kama mtu anavyochagua nyanya.
Arusei akaandika.
Halafu akaacha kuandika, akafuta miwani
iliyokuwa safi.

Zamu yangu ilipofika nilitaka kusema "niko sawa."
Neno lilikuwa tayari, limepigwa pasi.
Badala yake nikasema: nilibadilisha neno.
Yule mama aliyeibiwa ng'ombe alisema "wezi,"
mimi nikasema "vijana."
Niliona mikono upande ule inatafuta fimbo,
nikalimeza. Bado liko hapa,
nikaonyesha, chini kidogo ya koo.

Sikuambiwa pole.
Arusei alisema: nililisikia.
Na mzee wa mkanda alilisikia pia;
miaka thelathini ameuza maziwa kwa Wajaluo,
lugha yao anaijua kuliko wewe.
Alikutazama, Akech, kisha akainama.

"Uliogopa nini," akauliza Bosibori, "fimbo?"
Sikujua. Wakanisubiri nisijue.
Chini, mwenye duka alikuwa anafunga,
mnyororo ukipita pete baada ya pete.
Nikasema: niliogopa kwamba likitoka kinywani mwangu
litakuwa langu.
Mama yangu ni Mkipsigisi.
Mimi ndiye ningekuwa nimewaita wajomba zangu wezi.

Hakuna aliyekohoa.
Ogola alisogeza kiti chake karibu na changu,
kikakwaruza sakafu vibaya, tukacheka
kuliko kilivyostahili.

Alhamisi tunarudi. Nitamwambia yule mama nilichomfanyia,
na nitamwambia mzee, na neno litawekwa mezani
na miiba yake.
Ogola ataingia ndani, atakaa mbele.
Mawe bado yako kule;
hatukuyaondoa kwa kuongea ghorofani.

Nyumbani mume wangu aliuliza nimeshindaje.
"Nimechoka," nikasema,
nikaisikiliza ile "ni"
kama mtu anayejaribu ufunguo gizani.
Ukazunguka.
Nikamwita mtoto alete sahani.